Mfuko wa Mama, Mfuko wa Baba

Mkunazini, Unguja
14 Januari 2023

Kwa mwanangu Mardhiya,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima na baridi ya huko haijakuzidi. Sisi huku hatujambo. Kaka yako Anwar anakwenda kazini kama kawaida, mama yako presha yake imeshuka, na mie mguu unanisumbua kwa ngazi za nyumba hii, maana aliyejenga nyumba za Mji Mkongwe hakuwafikiria watu wa umri wangu. Mwezi ujao natimiza mwaka tangu niache mwani wangu Paje nikaja hapa kumsaidia mwanangu Nasima kulea.

Nnakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Ukinitumia sauti, Nasima anaisikia, Anwar anaisikia, na dirisha likiwa wazi jirani naye anaisikia.

Jambo la kwanza ni Bashira, mtoto wa Nasima na kaka yako. Ameshapita mwaka na miezi, hasimami. Kukaa anakaa, lakini umuegemeze. Ukimbeba, miguu inaning'inia kama kitambaa. Akili anayo, tena nyingi. Anacheka, anatambua kila mtu, ananyoosha kidole anapotaka kitu. Miguu tu ndiyo haipo pamoja naye. Tumemchua, tumemsomea. Watu washaanza kusema. Wapo wanaosema ni jicho. Mama yako, na nnakwambia haya kwa sababu ni wifi yangu na najua utanielewa, mama yako anasema kasoro iko kwa Nasima, na kwamba Anwar afikirie mke mwingine. Nasima anayasikia haya akiwa jikoni.

Wewe unasoma mambo ya ndani ya mwili. Niambie basi unasoma nini hasa, maana nikiulizwa nasema "Mardhiya anasoma hamira," watu wanacheka.

Jambo la pili ni Abrahman. Mwanangu huyo unamjua, mmecheza pamoja pwani. Sasa ni fundi wa mabomba katika hoteli huko Kendwa, ana kazi ya kudumu, hana makuu. Ameniomba nikuulize. Nasima na Anwar ni mabinamu na wamepatana. Sioni kwa nini nyie msipatane. Nnangoja jibu lako.

Shangazi yako,
Kidawa


Groningen, Uholanzi
19 Februari 2023

Shikamoo shangazi,

Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini inasomeka yote. Mimi mzima. Barafu imeanza kuyeyuka na baiskeli yangu imeibiwa, nyingine nimepewa na Mholanzi mmoja tunayefanya naye kazi. Nawasalimu wote, na mwambie mama nitampigia simu Ijumaa.

Ni kweli nasoma hamira, ile ile ya mkate. Wacheke tu. Seli ya hamira ni moja peke yake, lakini ndani yake mna mambo mengi yaliyomo katika seli zetu. Mna jeni, yaani maagizo ya kutengenezea kila kitu, na kuna jeni moja ambayo seli haitosheki na nakala yake moja. Ni jeni ya kutengenezea mashine zinazounda protini. Hamira huiweka nakala kama mia na hamsini, zimepangwa mfululizo. Nakala zinazofanana zikikaa jirani hivyo, ni rahisi kupotea. Seli inapotengeneza mahali palipokatika inaweza kushika nakala ya tatu ikidhani ni ya kwanza, na zilizo katikati zikaachwa. Pamoja na hayo, ukizipunguza kwa makusudi, baada ya vizazi kadhaa zinarudi kuwa kama zilivyokuwa. Nauliza swali hilo tu: seli inajuaje kwamba zimepungua, na inajuaje pa kusimama?

Fikiria shughuli ya harusi. Kuna wapishi, idadi yao haibadiliki, na kuna masufuria. Kila mpishi akiwa na sufuria lake, hakuna anayezurura. Masufuria yakipotea, wapishi wasio na kazi wanakwenda mlangoni kumshughulisha mlinzi wa ghala. Mlinzi akishughulishwa, mlango unabaki wazi na masufuria mapya yanaingia. Yakishatosha, kila mpishi anarudi kwenye moto wake, mlinzi anaachwa afanye kazi yake, na mlango unafungwa. Hakuna aliyehesabu, shangazi. Wale wasio na kazi ndio hesabu yenyewe. Protini fulani ndizo wapishi na nyingine ndiye mlinzi. Mimi nawaondoa wapishi mmoja mmoja nione nini kitaharibika.

Kuhusu Bashira, kuchua hakudhuru, lakini asiishie hapo. Nendeni Dar kwa daktari wa watoto anayetibu mishipa ya fahamu, na muombe kipimo cha jeni. Mwambie Anwar aseme hivyo hivyo: udhaifu wa misuli, kipimo cha jeni. Naye na Nasima wapimwe pia. Na Nasima umwambie kwamba hakuna chochote alichokula au alikopita kilichofanya haya.

La Abrahman nimelisoma. Nipe muda.

Mwanao,
Mardhiya


Mkunazini, Unguja
9 Mei 2023

Mwanangu Mardhiya,

Waaleikum salaam. Idi imepita salama, tulikukumbuka kwenye biriani. Masika ya mwaka huu yamevujisha dari ya chumba changu, sasa nnalala na Bashira na mama yake.

Tulikwenda Dar. Daktari ni mwanamama mpole, alitukalisha akatueleza. Damu ilipelekwa India, majibu yamerudi baada ya Idi. Nnakuandikia kama alivyosema, kwa sababu nilimwambia arudie mpaka nikashika. Bashira ana maradhi ya kudhoofika misuli, ya kuzaliwa nayo. Ipo jeni inayolisha mishipa ya uti wa mgongo, na Bashira hanayo kabisa. Lakini kuna jeni nyingine inayofanana nayo, jirani yake, ambayo kazi yake ni dhaifu, na ya hiyo Bashira ana tatu. Daktari akasema hizo tatu ndizo zilizompa kukaa. Angekuwa na mbili tu, huenda hata shingo asingeishika. Hatotembea. Lakini akiangaliwa kifua, akinyooshwa, atakua, atasoma. Kuna dawa duniani, hapa kwetu haijafika.

Anwar alitoka nje. Nasima aliuliza, "Ni mimi?" Daktari akamwambia ni wote wawili, kila mmoja anayo moja badala ya mbili. Nilimshukuru Mungu kwamba ameambiwa na mtu mwenye koti jeupe, si na mimi.

Sasa nnataka unijibu jambo moja, usiku sipati usingizi kwa ajili yake. Umeniandikia kwamba hamira ikipotelewa na jeni zake inajirudishia. Hamira, kitu tunachokitia kwenye unga. Kwa nini mtoto wetu asijirudishie?

Abrahman alikuja na mabomba ya plastiki, akayakata na kuyaunga, akamtengenezea Bashira kiti chenye mkanda kifuani. Sasa anakaa wima barazani na kuangalia wapita njia. Nnakueleza haya kwa kuwa hukunijibu lile la Abrahman. Muda niliokupa umeshakuwa mrefu.

Shangazi yako,
Kidawa


Groningen, Uholanzi
11 Juni 2023

Shikamoo shangazi,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na kazi nyingi maabara, hiyo ni sababu moja, na nyingine nitaitaja mwisho.

Swali lako nililisoma nikaliweka, nikalisoma tena. Jibu lina sehemu mbili na zote si nzuri. Kwanza, wale wapishi na mlinzi wanafanya kazi ya jeni ile moja tu. Kila jeni ingekuwa na ulinzi wa namna hiyo pengine tusingekuwa na maradhi haya. Jeni ya Bashira haina anayeona kwamba imepungua. Pili, hamira hujirudishia kwa kunakili zile zilizobaki. Ukiiacha na nakala chache, inazizidisha. Ukiziondoa zote, hakuna cha kunakili, na hamira yenyewe inakufa. Bashira hakubakiwa na hata moja nzima ya kunakiliwa. Mwili wake haukuzembea, shangazi. Ulitumia ulichokuwa nacho, zile tatu dhaifu.

Kupotea kwenyewe kumetokea zamani sana, kwa mtu tusiyemjua. Jeni hiyo na pacha wake dhaifu wanakaa jirani na wanafanana mno, na nimekuandikia linalotokea kwa vinavyofanana. Siku moja, katika seli ya mzee fulani wa ukoo wetu, kipande kiliachwa. Kisha kikarithiwa kimya kimya, kwa sababu mwenye moja haumwi. Wakikutana wawili wa aina hiyo, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kukosa kabisa. Anwar na Nasima ni mabinamu. Wamechota kwenye kisima kimoja.

Tafadhali msomee mama maneno haya: Anwar ana upungufu ule ule alionao Nasima. Kama ni kasoro, imo kwa mwanawe pia. Na kuhusu dawa, nimewaandikia wanaoitengeneza, wana mpango wa kuwapa watoto wa nchi ambako haipatikani. Jina la Bashira limeingia miongoni mwa wanaosubiri. Sijaahidiwa kitu.

Sasa ile sababu nyingine. Nilipata majibu ya Bashira kwa simu ya Anwar kabla ya barua yako, na nikaenda kupimwa hospitali ya hapa. Mimi pia ninayo moja tu. Nilingoja majibu ndipo nikuandikie.

Kwa hiyo siwezi kukujibu la Abrahman kabla naye hajapimwa. Nakuomba usilichukulie kuwa ni kukataa.

Mwanao,
Mardhiya


Mkunazini, Unguja
3 Septemba 2023

Mwanangu Mardhiya,

Assalaam aleikum. Nyumba nzima wanakusalimu, na Bashira amesema "Didi", tunafikiri ni wewe kwenye picha.

Nilimsomea mama yako maneno yako. Aliniomba nimpe karatasi aisome mwenyewe. Ijumaa iliyofuata alikuja, akavua baibui, akakaa mkekani akaanza kumnyoosha Bashira miguu kama daktari alivyotufundisha. Sasa anakuja kila Ijumaa. Habari ya mke mwingine haijatajwa tena.

Khabari kubwa ni hii. Abrahman alikwenda Dar, akapimwa, na majibu yametoka. Anazo mbili. Mbili, Mardhiya, kama mtu yeyote. Daktari wa zamu, si yule mwanamama, alimwambia hana tatizo, aende akaoe. Alinipigia simu kutoka kwenye boti, sauti yake nikaijua kabla hajasema. Nnaanza kufikiria mwezi wa Rajab, kama utapata likizo. Mama yako naye ameridhia.

Nnangoja neno moja tu kutoka kwako.

Shangazi yako,
Kidawa


Groningen, Uholanzi
24 Septemba 2023

Shikamoo shangazi,

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kisha nikakaa chini nikafikiri kama mtu wa kazi yangu, na sasa sina budi kukuuliza jambo ambalo ningependa nisikuulize.

Kila mtu ana mifuko miwili, mmoja kapewa na mama, mwingine na baba. Kwa kawaida kila mfuko una jeni hii moja. Kipimo kinahesabu jumla, hakioneshi mfuko. Watu wengi wenye mbili wanazo moja huku na moja huku, na hao hawana wasiwasi. Lakini pale kipande kinapoachwa upande mmoja, huweza kuongezeka upande wa pili, na wapo watu, hasa wa asili ya Afrika, wenye mbili katika mfuko mmoja na mfuko mwingine mtupu. Mtu huyo akihesabiwa ni mbili, mzima kabisa. Na mtoto harithi jumla, anarithi mfuko mmoja. Akipewa ule mtupu, kapewa mtupu.

Daktari wa zamu hakukosea kuhesabu. Ila jumla peke yake haitoshi kwa nyumba kama yetu. Kinachoweza kutuambia zaidi ni historia ya nyumba yenyewe, pamoja na kipimo chako wewe.

Kwa hiyo nakuuliza, shangazi, na naomba usikasirike. Nilipokuwa mdogo Paje nilimsikia bibi, mama yako, akikwambia juu ya Abrahman, "Huyu mshukuru Mungu kwamba anatembea." Uliinuka ukaondoka. Je, kuna mtoto aliyemtangulia?

Mwanao,
Mardhiya


Mkunazini, Unguja
20 Novemba 2023

Mwanangu Mardhiya,

Assalaam aleikum. Hatujambo. Mvua za vuli mwaka huu zimezidi, maji yaliingia mpaka chini ya ngazi. Dari ya chumba changu imetengenezwa. Paje nasikia mwani umeoza sehemu nyingi, maji yamekuwa ya moto, na wanawake wengine wameacha wakaenda kufua mahotelini. Bashira alipata kikohozi, tukakesha naye, akapona. Mama yako anakusalimu.

Barua yako nimeipata.

Shangazi yako,
Kidawa


Groningen, Uholanzi
16 Desemba 2023

Shikamoo shangazi,

Nimefurahi kusikia Bashira amepona. Kikohozi kikimrudia msingoje asubuhi, mpelekeni usiku huo huo.

Sikuulizi tena. Abrahman ameniandikia kwenye simu, nimemjibu salamu tu.

Mwanao,
Mardhiya


Mkunazini, Unguja
11 Februari 2024

Mwanangu Mardhiya,

Assalaam aleikum. Wote wazima. Leo wamekwenda arusini Jambiani, nimebaki na Bashira, amelala, na nnaandika.

Alikuwepo. Jina lake Mjaka. Ndiye kifungua mimba wangu.

Alizaliwa mnene, akinyonya vizuri. Baada ya kama miezi mitatu kilio chake kikawa kidogo, ukiwa chumba cha pili humsikii. Miguu ikalala wazi kama ya chura. Alipovuta pumzi tumbo lilipanda na kifua kikazama. Macho yake yalikuwa makali, ananifuata chumba kizima kwa macho. Alikufa kabla hajaweza kukaa. Kazikwa Paje, karibu na ukuta, hakuna kilichoandikwa.

Mama mkwe wangu alisema maziwa yangu ni mabaya. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, lakini aliniambia jina lile lisitajwe tena, tutaita mkosi kwa watakaofuata. Tukahama nyumba. Nilipochukua mimba ya Abrahman, mkunga akaniuliza hii ni ya ngapi, nikamwambia ya kwanza. Nikazoea kusema hivyo. Nasima hajui. Abrahman hajui. Bashira alipoanza kulegea mimi nilijua kabla ya kila mtu, nikanyamaza nikawaacha wamchue.

Si kwamba nilisahau kukujibu. Kila nilipoanza kuandika niliona nitakuwa nnaivunja nyumba ya mwanangu kwa mkono wangu. Ningesema hapana, hakuwepo, ungeniamini. Hapo ndipo nilipokaa miezi yote hii. Mume wangu hayupo, mama mkwe hayupo, bibi yako hayupo. Aliyebaki kujua ni mimi.

Kisha mwezi uliopita Bashira alikaa kwenye kile kiti chake, akanifuata kwa macho chumba kizima.

Nilikwenda Dar peke yangu, nikamwambia Nasima nnakwenda kutibiwa mguu. Yule daktari mwanamama alinitoa damu. Majibu yamekuja. Mimi jumla yangu ni mbili. Sijui maana yake ni nzuri au mbaya. Niambie wewe.

Shangazi yako,
Kidawa


Groningen, Uholanzi
10 Machi 2024

Shikamoo shangazi,

Ramadhani njema kwenu nyote, wanasema huenda ikaandama kesho. Barua yako niliisoma mara moja tu, sijaweza kuirudia. Mungu amjaalie Mjaka awe shafii wako, akuombee siku ya Kiyama. Maziwa yako hayakuwa na kosa lolote. Nakuandikia hilo kama mtu wa fani hii, si kukufariji.

Nitakueleza maana ya mbili zako. Kila ulichoniandikia juu ya Mjaka ndicho kinachotokea kwa mtoto aliyekosa jeni hii kabisa na nakala za pacha wake dhaifu ni chache. Kwa hiyo ulimpa mfuko mtupu. Lakini jumla yako ni mbili. Basi mfuko wako mmoja ni mtupu, na wa pili una zote mbili.

Abrahman alipata kwako mfuko mmoja, ama wenye mbili ama mtupu. Naye jumla yake ni mbili. Kama kwako alipata wenye mbili, basi wa baba yake ulikuwa mtupu. Kama kwako alipata mtupu, basi mbili zote zimetoka kwa baba. Nimeigeuza hesabu hii kila upande, na nimempelekea daktari wa hapa, naye kasema hivyo hivyo. Vyovyote iwavyo, Abrahman ana mfuko mmoja mtupu. Kama mimi.

Wapo watu wa namna yetu wanaooana. Wengine wanapima mimba mapema, wengine wanamwachia Mungu, na siwalaumu hata mmoja. Mimi siwezi. Nimemuona Bashira kwenye simu akikohoa, nimemuona Nasima anavyomgeuza usiku. Sitaki kuingia katika ndoa ambayo kila mimba yake nitaihesabu.

Jibu langu ni hapana. Nimemwandikia Abrahman mwenyewe kwa kalamu, nimemweleza mambo ya mifuko, lakini Mjaka sikumtaja. Hilo ni lako kumwambia. Barua yake nimeitia pamoja na hii. Umpe ukishazungumza naye, si kabla.

Ungeweza kunificha. Najua ulichokitoa.

Mwanao,
Mardhiya


Mkunazini, Unguja
17 Novemba 2024

Mwanangu Mardhiya,

Assalaam aleikum. Nimekaa kimya muda mrefu, usidhani ni kwa hasira. Nilitaka mambo yatulie ndipo nikupe khabari zilizokamilika. Nasikia umemaliza kuandika kitabu chako cha hamira na unangoja siku ya kuhojiwa. Mungu akufungulie. Mwaka ujao utakuwa chuoni Tunguu unafundisha, na mimi nitakuwa na mtu wa kunieleza mambo mchana badala ya kungoja posta.

Nilimwita Abrahman usiku wa Idi Ndogo, watu wakishaondoka. Nilimwambia yote. Akaniuliza, "Alifanana na mimi?" Nikamwambia pua ni ile ile. Akauliza kazikwa wapi. Ndipo nikampa barua yako. Alikwenda kuisomea darini, alipoteremka hakula. Akarudi Kendwa na gari ya kwanza.

Mwezi wa Mei alikuja na mfuko wa saruji. Tulikwenda Paje mimi, yeye na Nasima, ambaye naye nilishamwambia. Nilisimama pale ukutani nikawaonesha. Abrahman alijengea kaburi, akaandika jina kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Tulisoma hitima nyumbani kwangu kule. Nilidhani watakuja watu wachache. Walikuja wengi, na walipokwishakula wanaume wakatoka, wanawake walibaki. Bi Sichana, binamu yangu wa Jambiani, akaniambia, "Kidawa, na mimi ninaye." Mwingine akasema dada yake alikuwa na wawili. Tulikaa mpaka alasiri tukiwataja majina. Yule daktari wa Dar nimempigia simu, amesema atakuja Paje na wenziwe kuwapima wanaotaka, na kuwaeleza vijana kabla ya kuchumbiana. Anakuuliza kama utamsaidia kueleza kwa lugha ya kwetu. Nimemjibu utamsaidia. Unisamehe kwa kukusemea.

La mwisho nnakuandikia taratibu. Abrahman amechumbia. Msichana anaitwa Mashavu, watu wake ni wa Tumbatu, si jamaa zetu kwa upande wowote. Alimweleza baba yake kila kitu kabla ya posa, akisema mwenyewe, "Mimi nina upungufu huu." Mzee alishtuka, akataka siku za kufikiri. Msichana akapimwa, yule daktari akasema hapana hakika kamili lakini khofu ni ndogo sana. Mzee akakubali. Harusi itakuwa baada ya Ramadhani. Nilitaka uisikie kwangu.

Bashira hajambo. Dawa bado tunasubiri. Lakini ukimwita sasa anaitika "naam" kwa sauti ya mtu mzima, halafu anakutuma maji.

Shangazi yako,
Kidawa


Groningen, Uholanzi
15 Desemba 2024

Shikamoo shangazi,

Nimefurahi kwa Abrahman, na kwa Mashavu, aliyemkubali mtu akiwa amejua. Uwape salamu zangu. Mwambie daktari nitakuja Paje kila atakaponihitaji, na hukukosea kunisemea.

Kuna jambo moja ambalo katika barua zote hizi sikuliandika. Uliniuliza mwanzo kabisa, nikakujibu nipe muda, ukadhani nasitasita. Sikuwa nasitasita. Nilimtaka. Nilimtaka kabla hujaniuliza. Wewe umenitajia Mjaka, nimeona si haki mimi nibaki na langu. Sasa nimelisema na sitalirudia, na wewe usimwambie.

Natua Unguja tarehe sita Machi, mchana. Mwambie Anwar asije uwanjani na watu wengi. Njoo wewe na Bashira.

Mwanao,
Mardhiya